Mwezi Niliokuwa Bubu Sokoni

Jumapili ya wageni iliyopita, mama mmoja kutoka Garbatulla alimletea binti yake galoni ndogo ya maziwa ya ngamia. Kifuniko kilipofunguliwa tu, bweni zima likanuka moshi. Si moshi wa jikoni, hapana. Ni ule moshi mtamu wa chombo kilichofukizwa kwa vijiti kabla maziwa hayajamiminwa, unaoingia puani na kupanga chumba kabisa. Wenzangu walikimbilia vikombe kama waliosikia kengele ya chakula. Mimi nilibaki kitandani, midomo nimeikunja. Wakaniuliza kama sipendi maziwa, na mimi, ambaye jina langu halijawahi kukosa kwenye orodha ya wapiga kelele tangu kidato cha kwanza, nikashindwa kujibu. Harufu ile ikinipata ghafla hunirudisha nilipokuwa na miaka minane, na kwa muda mfupi nasahau kwamba ninaruhusiwa kuongea.

Sisi si wa Isiolo kwa asili. Baba ni fundi wa mashine za kuchimba visima, na mashine hizo ndizo zilizotutoa Kondoa, Tanzania, zikatuleta huku ambako maji ni habari ya kila siku. Tulipanga vyumba viwili kwenye ploti yenye geti la bati. Baba akaelekea Rapsu na mashine yake, mama akabaki na tumbo lake kubwa, mimi nikabaki na kazi ya kukodolea macho ngamia wanaopita barabarani bila kumsalimia mtu. Shule ningeanza muhula uliofuata. Kisha mdogo wangu akazaliwa, mwekundu, mwenye sauti ya king'ora, na siku chache baadaye mama akanikabidhi kikapu.

"Nyanya, vitunguu, viazi, maziwa. Ukiona mlenda, chukua mlenda."

Mlenda! Nimeutafuta mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, Isiolo kama mtu anayetafuta theluji. Nyanya zilikuwapo, vitunguu vilikuwapo, mchicha ulikuwapo ingawa waliuita terere. Lakini ukiwa mgeni wa nchi, hata nyanya unayoijua inakutazama kama haikujui. Hujui nani anauza zilizooza chini, nani anakubali kupunguza, nani ukimwambia bei ni kubwa anakasirika. Nikamwendea muuzaji wa kwanza, nikafanya nilivyofundishwa na bibi yangu.

"Shikamoo mama. Naomba nyanya na vitunguu, tafadhali."

Kisu alichokuwa akikatia sukuma wiki kilisimama hewani.

"Ati nini? Rudia! Nyinyi, kujeni msikie hii mtoto, anaongea kama redio!"

Wakaja watatu. "Sema tena hiyo shikamoo!" Nikasema. Wakacheka mpaka mmoja akashika meza. "Wewe ni mtu ya wapi?" Leo najua walifurahi tu, na pengine wangenipa nyanya ya bure. Siku ile niliona meno tu. Nilichukua nyanya, vitunguu nikaviacha, nikatoka mbio.

Getini nilimkuta Guyo, mtoto wa jirani, aliyenizidi miaka miwili na kwa hiyo alijua kila kitu duniani. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona matokeo mabaya.

"Shida yako ni hiyo mdomo," akasema. "Huku kila mahali unaulizwa kipande, ile kitambulisho. Polisi akisikia tu vile unaongea, anajua wewe si wa hapa. Huna kipande, unapanda lori."

"Lori la kwenda wapi?"

"Kwenu."

"Mimi mtoto. Watoto hawana kipande."

"Ndiyo maana watachukua mama yako."

Nadhani hata yeye alishangaa jinsi jibu hilo lilivyomtoka safi. Mimi nililiamini lote. Na dunia, badala ya kunisaidia, ikaleta ushahidi. Jioni hiyo hiyo baba alipiga simu, mama akaiweka sauti kubwa huku ananyonyesha, nikamsikia baba akisema, "Karatasi bado hazijatoka. Wamesema tukae kimya, tusiguse chochote." Kesho yake jirani alimwita mama akae naye barazani apunge upepo, mama akajibu kutoka ndani, "Siruhusiwi kutoka, dada yangu, mpaka arobaini ipite."

Siruhusiwi. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee kwa miaka minane. Sikuwahi kuishi na mwanamke aliyejifungua. Hakuna aliyeniambia kwamba mzazi hukaa ndani siku arobaini apumzike, anywe uji, akandwe, na kwamba hata mwanamke wa ukoo wa kifalme angefanya hivyo hivyo. Nilichoona ni hiki: mama hatoki, pazia limefungwa, karatasi hazijatoka, tumeambiwa tukae kimya. Mtu anahitaji kuelezwa nini tena? Mama alikuwa amejificha. Na mimi ndiye niliyekuwa natoka kila siku na mdomo wangu, kama mtu anayetembea na kengele shingoni.

Kwa hiyo nikaufunga.

Nilimhama yule muuzaji wa kwanza, nikaenda upande wa pili wa soko ambako hakuna aliyewahi kunisikia. Huko alikuwepo Mama Kendi, mwanamke mnene wa Meru aliyeuza viazi na mboga akiimba nyimbo za kanisani. Nikanyoosha kidole kwenye nyanya, nikaonyesha vidole vinne. Nikanyoosha kidole kwenye viazi, nikachora duara hewani. Akauliza jina langu. Nikatazama miguu yangu. Akauliza tena, taratibu, kisha uso wake ukalegea kwa huruma.

Siku ya tatu akaamua kunipima. Sikumwona alipozunguka nyuma yangu na kifuniko cha sufuria. Alipokigonga, niliruka nikaangusha fungu zima la nyanya za jirani yake.

"Anasikia!" akatangaza. "Masikio iko sawa. Ni mdomo tu ndiyo imefungwa."

Kuanzia hapo soko likanipokea. Jamani, niseme ukweli, ububu una faida. Ovakado kubwa ilikuwa yangu. Foleni ilinipisha. Watu waliongea siri mbele yangu kama niko ndani ya kabati. Nilijua nani anaolewa kabla bwana harusi hajajua. Mama alikuwa akipokea kikapu na kushangaa.

"Huyu Mama Kendi ana roho ya ajabu. Unamsalimia vizuri?"

"Namsalimia, mama."

Nilikuwa nadanganya pande mbili kwa mdomo mmoja, na upande mmoja hata mdomo sikuutumia.

Aliyenipenda kuliko wote alikuwa Ako Darmi. Ako ni bibi kwa Kiborana, na kila mtu alimwita hivyo. Alikaa kwenye safu ya akina mama wa maziwa, galoni zake za manjano zimepangwa mbele yake, zilizokuja asubuhi na lori kutoka Kulamawe. Kwake hununui maziwa bila kuonja. Anamimina tone kwenye kifuniko, anakupa, unalaza ulimini, unasema. Ukisema mazuri, ndipo anachovya kikombe. Mimi sikusema, niliitikia kwa kichwa. Akanishika kidevu kwa vidole vyake vikavu, akanitazama mdomoni kama anayetafuta kilichopotea humo.

"Mungu atafungua, intala," akasema. Yaani msichana. "Mimi nitaomba. Kila swala nitaomba."

Akaongeza nusu kikombe juu. Nikaenda nyumbani nikijiona mwizi.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu nikapandishwa cheo. Wauzaji wa maziwa walifunga, wanunuzi walifunga, hakuna aliyetaka kuweka kitu ulimini kabla ya magharibi. Sasa nani aonje? Ako Darmi akaniangalia. Mtoto hajafika umri wa kufunga. Mtoto anakuja kila alasiri. Akanipa kiti cha galoni tupu kando yake, na kila galoni iliyofunguliwa, tone la kwanza likawa langu. Watu walinyamaza wakisubiri kichwa changu. Nikiitikia, Ako alisema kwa sauti, "Mumeona? Hii mtoto hawezi danganya mtu," na foleni ikasogea. Kila mara aliposema hivyo, nilitamani ardhi inimeze pamoja na galoni.

Na pale penye foleni, karibu kila siku, alisimama afande. Mrefu, koti la polisi, buti zinazong'aa vumbi likiona haya. Alinunua viazi kwa Mama Kendi, aliyezungumza naye Kimeru, kisha maziwa ya kupeleka kambini kwa chai. "Mambo, msichana?" angeniambia. Nami ningetazama kitufe cha chini cha koti lake na kuhesabu pumzi. Mbona huyu mtu hakosi? Mbona ananisalimia mimi tu? Nilikuwa na uhakika ananivizia nitoe neno moja.

Siku yenyewe ilianza kawaida. Jua la alasiri, foleni ndefu kwa sababu lori lilichelewa, kila mtu amechoka na ana haraka ya futari. Ako alikuwa na mafua makali, amejifunga shuka mpaka puani, macho yanachuruzika. Mbele alisimama mama mmoja mwenye mtoto mdogo mgongoni, nyuma yake afande. Ako akafungua galoni, akamimina tone, akanipa.

Kwanza ulikuja moshi, kama siku zote. Kisha, chini ya moshi, kitu kingine. Chembamba, kikali, kinachouma pembeni mwa ulimi. Mafuta ya taa. Kondoa tuliwashia taa kwa mafuta hayo. Niliyajua kama nilivyojua jina langu. Mtu huko maziwa yalikotoka alikuwa ameazima galoni ya mafuta ya taa, na kufukiza kote kulikofanywa kulificha harufu tu.

Nikatikisa kichwa. Hapana.

"Hataki leo," Ako akasema kwa sauti ya mafua. "Ameshiba. Haya, mama, leta chombo."

Nikamshika mkono, nikatikisa kichwa kwa nguvu. Nikaonyesha galoni, nikaziba pua.

"Anasema iko na harufu?" akauliza yule mama mwenye mtoto.

"Harufu ni moshi. Kila siku iko moshi."

Nikafanya kama nawasha kiberiti. Nikachezesha vidole kama mwali wa taa.

"Anataka kiberiti?"

"Nadhani anasikia baridi."

"Hapana," akasema mwingine nyuma, "anaonyesha jua. Anasema magharibi imekaribia, tuharakishe."

"Eeh, mtoto mwerevu! Ako, harakisha!"

Nikashika tumbo, nikajifanya natapika, nikageuza macho, nikaanguka chini nikalala kama maiti. Kazi nzuri kabisa, nasema bila majivuno. Leo ningepewa kombe la tamasha la drama. Afande akasema, "Huyu amezidiwa na jua, mpeni nafasi." Na Ako, masikini Ako, akachovya kikombe, maziwa yakaanza kuingia kwenye chombo cha yule mama. Mtoto mgongoni alishaanza kunyoosha mkono, maana watoto hawajui Ramadhani, wanajua maziwa.

Nilimwona mama yangu akilini, juu ya lori la polisi. Nawaambia kweli, nilimwona, ameshika mtoto wetu, amejifunika kanga. Kisha nikafungua mdomo.

"Msimpe! Yana mafuta ya taa! Jamani, galoni ina mafuta ya taa, atakufa!"

Sauti iliyokaa ndani mwezi mzima haitoki polepole. Hata mbuzi wa upande wa pili waligeuka. Kikombe kikamponyoka Ako. Nikasikia redio ya kinyozi ng'ambo ya barabara.

Halafu mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

"Ameongea! Bubu ameongea!"

Ikawa sherehe. Ako alinikumbatia akilia, mafua na machozi yote kwenye nywele zangu. "Alhamdulillahi! Ndani ya Ramadhani! Nilimwomba kila swala!" Mama Kendi naye alishafika mbio, aproni imejaa viazi. "Bwana asifiwe! Sisi tuliandika jina yake kwa maombi ya Jumatano!"

"Jina gani? Ulijua jina yake?"

"Tuliandika Msichana wa Nyanya. Mungu anajua!"

Wakabishana pale kuhusu maombi ya nani yalifika kwanza, mpaka yule mama mwenye mtoto akachovya kidole kwenye chombo chake, akanusa, akamwaga maziwa yote chini. Ako akaangalia lile dimbwi jeupe vumbini. Galoni nzima, jasho la siku ya mtu. Akasema, "Kama si hii mtoto," na hakumalizia. Kisha akasimama, akajifuta. "Twende kwa mama yake. Lazima asikie hii sauti leo."

Afande akanyanyua kikapu changu. "Twendeni. Hata mimi nataka kumwona huyo mzazi."

Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile, na nyumbani hakukuwa mbali. Mimi mbele, wanawake kumi hivi nyuma wakiimba nyimbo za dini mbili kwa wakati mmoja, na polisi amebeba viazi vyetu. Nikawapitisha njia ya msikiti. Nikawazungusha kwenye mabanda ya mbuzi. Tulipopita mbele ya kinyozi kwa mara ya pili, Mama Kendi akauliza kama macho yangu nayo yangehitaji maombi. Ningewazungusha mpaka Idd, lakini Guyo alitokea kwenye kona, akatabasamu kwa moyo wake wote wa ujinga.

"Mnatafuta kwao? Ni hapa, geti ya bati!"

Mama alisikia kelele, akasimama mlangoni na mtoto kifuani. Nikapiga mbio, nikasimama mbele yake, mikono nimetandaza.

"Mama rudi ndani! Polisi! Jifiche!"

Kigelegele kilikatika katikati. Afande akaweka kikapu chini.

"Kwani mama yako amefanya nini?"

Mama akamtazama, akanitazama, akatazama umati wote uani kwake.

"Nimezaa tu, afande."

Yakatoka yote, kwa maswali, moja baada ya jingine. Kwamba karatasi ambazo hazijatoka ni za mashine, za ruhusa ya kuchimba Rapsu. Kwamba karatasi zetu sisi zilikuwa kabatini chini ya nguo za mtoto, na afande hakutaka hata kuziona. Kwamba arobaini ni mapumziko, si kifungo. Afande alicheka mpaka akavua kofia. Mama Kendi alisema, "Uwiii!" akakaa kwenye ndoo.

"Bubu?" mama alikuwa akirudia. "Huyu? Huyu anayeongea mpaka na ukuta?"

Ako Darmi pekee hakucheka. Alinisogelea, akanishika kidevu kama siku ile ya kwanza. "Kumbe ulimi ilikuwa hapo tu," akasema. "Na mimi nalia kwa Mungu." Akaniachia. Akajifunga shuka lake, akatoka getini, na nilimwona kwa mgongo akienda peke yake kwenye jua lile la jioni, mwanamke ambaye soko lote lingemcheka kesho kwa sababu yangu.

Mama alikuwa na njia zake. Hakunichapa. Kesho yake alasiri akanipa chombo.

"Kwa Ako."

"Mama, kuna wengine wanauza."

"Kwa Ako, nimesema. Na umwamkie kwa sauti."

Nikaenda. "Shikamoo, Ako." Kimya. Alipokea chombo, akamimina, akanirudishia, macho yake yakiwa kwa mteja aliye nyuma yangu. Hakuna galoni ya kukalia. Hakuna tone la kuonja. Alikuwa ameshapata mtoto mwingine wa kuonja. Nikasema, "Samahani, Ako." Akafukuza nzi.

Siku ya pili nikasimama pembeni, nikaanza kuongea. Sikujua kitu kingine cha kumpa. Nikamweleza Kondoa, mlenda unavyovutika kutoka sahani mpaka kidevuni, bibi yangu aliyegombana na jogoo miaka miwili. Akina mama wa maziwa walianza kucheka. Yeye hapana. Siku ya tatu nikaigiza Mama Kendi akigonga sufuria. Siku ya nne nikamwigiza afande na viazi. Walikuwa wakishika mbavu safu nzima, na midomo imekauka kwa funga, na mimi nilikuwa sisikii kicheko chao hata kimoja. Nilikuwa natazama uso mmoja tu, na uso ule ulikuwa kama mlango wa duka siku ya mazishi. Kila jioni nilirudi nyumbani koo linauma, na mama aliniuliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa.

Siku ya sita, au ya saba, nilikuwa katikati ya hadithi ya jogoo kwa mara ya tatu, nimeiongezea fisi, maana ya kweli yaliisha. Ako alikuwa anapima vikombe kwa mteja wa harusi. Akafika cha tano, akasita. Akarudi cha nne. Akasita tena. Akaweka kikombe chini kwa kishindo.

"Wewe mtoto, wallahi! Nyamaza! Nyamaza kidogo, kichwa yangu inapasuka!"

Safu nzima ikalipuka. Ako mwenyewe alijaribu kushika uso wake usiteleze, akavuta shuka mpaka machoni, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Nilikimbia bila maziwa, bila chombo. Mama alikuwa uani anaanika nepi, siku yake ya kwanza kutoka nje baada ya arobaini.

"Mama! Mama! Ako ameniambia ninyamaze!"

Akaganda, nepi mkononi. "Na umenyamaza?"

"Hapana!"

"Haya, basi rudi," akasema, akigeukia kamba ili nisione anavyofuta macho. "Hajasikia ya fisi yote."